Uvumilivu wa Mnyonge na Uvumilivu wa Haki

Lipo swali moja ambalo kila Mkristo hana budi kujiuliza kwa unyofu mbele ya Mungu: Je, uhuru ule ninaouomba nikiwa mnyonge, niko tayari kuutoa nikiwa na nguvu? Swali hili ni jepesi kulitamka, bali ni zito kulijibu. Maana mwanadamu atakapo kuachwa asali kwa amani, hutaja haki; lakini jirani yake aombapo jambo lile lile, mara huanza kutaja hatari, fitina na upotovu. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani, wakasema: Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wako wasemao kwamba kuvumiliana katika dini ni dalili ya imani iliyopoa. Mtu mwenye hakika ya kweli, wasema hao, hawezi kuuachia uongo nafasi mlangoni pake. Wako wengine, na hawa hujiona wenye akili zaidi, wasemao kwamba uvumilivu ni hesabu tu. Mnyonge huuomba kwa kuwa hana nguvu, na mwenye nguvu huutoa kwa kuwa una faida. Faida ikiisha, uvumilivu nao huisha. Leo twataka kuyapima maneno haya mawili. Wala hatutayapima kwa hoja tupu, bali kwa kisa kilichotukia kweli. Ni kisa cha sheria iliyotungwa tarehe 21 Aprili 1649 katika koloni la Maryland, Amerika ya Kaskazini, nayo ni mojawapo ya sheria za kwanza katika makoloni ya Waingereza kuwakataza Wakristo wasisumbuane kwa ajili ya dini.

KIMBILIO LA WALIOTESWA

Katika Uingereza ya siku zile, kuwa Mkatoliki kulikuwa kujitafutia mashaka. Tangu mwaka 1581 mtu asiyehudhuria ibada ya Kanisa la serikali aliweza kutozwa paundi 20 kila mwezi, fedha ya kumfilisi hata mwenye mashamba. Tangu mwaka 1585 padre Mwingereza aliyepewa daraja ng'ambo, akikutwa nchini, alihesabiwa kuwa mhaini, na malipo ya mhaini yalikuwa kifo.

Katika nchi hiyo George Calvert alipanda cheo hata akawa waziri wa Mfalme James wa Kwanza. Mwaka 1625 alitangaza waziwazi kuwa yu Mkatoliki, akauacha uwaziri. Mfalme hakumchukia kwa hilo, bali alimpa cheo cha Bwana Baltimore. Tangu hapo alitamani kupata nchi ng'ambo ya bahari ambako watu wa imani yake wangeweza kuishi pasipo hofu. Alifariki Aprili 1632, kabla hati ya mfalme haijatiwa muhuri. Hati ilitolewa tarehe 20 Juni mwaka huo kwa mwanawe Cecil, na koloni likaitwa Maryland, kwa heshima ya Malkia Henrietta Maria, mke wa Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekuwa Mkatoliki.

Mwezi wa Novemba 1633 merikebu mbili, Ark na Dove, yaani Safina na Njiwa, zilitweka tanga. Tarehe 25 Machi 1634, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari, wasafiri walishuka katika kisiwa cha St. Clement's, na Padre Andrew White wa Shirika la Wajesuiti akasoma Misa ya shukrani. Lakini msomaji aangalie vema jambo moja. Ingawa mwenye koloni alikuwa Mkatoliki, na wengi wa mabwana walioongoza safari walikuwa Wakatoliki, walio wengi katika wasafiri walikuwa Waprotestanti. Basi tangu siku ya kwanza Wakatoliki wa Maryland walikuwa wachache wenye mamlaka juu ya wengi wasio wa Kanisa lao. Hali hiyo humpima mtu.

Cecil Calvert aliijua hatari hiyo. Kabla merikebu hazijaondoka alimwandikia ndugu yake Leonard, aliyemteua kuwa gavana, na wasaidizi wake, maagizo ya tarehe 13 Novemba 1633. Aliwaagiza kwamba ibada za Kikatoliki zifanywe kwa faragha kadiri iwezekanavyo, na kwamba Wakatoliki wanyamaze yanapozuka mabishano ya dini, ili Mprotestanti yeyote asipate neno la haki la kushtakia.

MASHAURI MAWILI

Maagizo hayo hayakubaki karatasini. Mwaka 1638 palitokea shauri ambalo lastahili kukumbukwa na kila mwenye nyumba. William Lewis, Mkatoliki, alikuwa msimamizi wa shamba la Wajesuiti. Siku moja aliwasikia watumishi Waprotestanti waliokuwa chini yake wakisoma kwa sauti kitabu cha mahubiri ya mchungaji wao, kitabu chenye maneno makali dhidi ya Baba Mtakatifu na dhidi ya Wajesuiti. Lewis alikasirika. Alisema kwamba kitabu kile chatoka kwa shetani, na kwamba wachungaji wao ni watumishi wa shetani; akawakataza wasikisome.

Shauri likaletwa barazani. Waamuzi walikuwa Wakatoliki, mshtakiwa alikuwa Mkatoliki, na mwajiri wake alikuwa padre. Wengi wangedhani kwamba watumishi wale wangeambulia kuonywa. Lakini Padre Thomas Copley, Mjesuiti, aliyekuwa mkubwa wa Lewis, alimlaumu mtu wake mwenyewe kwa matukano na kwa bidii isiyo na kiasi, akasema kwamba yafaa aadhibiwe. Lewis alionekana na hatia, akatozwa faini ya tumbaku ratili 500; maana tumbaku ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi ile.

Shauri la pili ni la mwaka 1642. Thomas Gerard, bwana Mkatoliki, alichukua ufunguo na vitabu vya kanisa dogo walilosalia Waprotestanti. Hao wakapeleka malalamiko barazani. Gerard aliamriwa kurudisha ufunguo na vitabu, na kulipa tumbaku ratili 500 za kumtunza mchungaji wa kwanza wa Kiprotestanti atakayefika.

Haya yote yalikuwa kabla ya sheria ya mwaka 1649. Twayataja kwanza kwa sababu yaonyesha kwamba haki haianzii katika kitabu cha sheria. Huanzia pale mwenye mamlaka anapokubali kumhukumu mtu wa upande wake kwa kipimo kile kile awapimiacho wengine.

SHERIA YA MWAKA 1649

Kisha nyakati zikabadilika. Vita kati ya mfalme na Bunge la Uingereza vilivuka bahari. Mwaka 1645 nahodha Richard Ingle, aliyejiita mtu wa Bunge, aliingia Maryland akapora mali za Wakatoliki, na Padre White na Padre Copley wakapelekwa Uingereza wamefungwa minyororo. Januari 1649 Mfalme Charles alikatwa kichwa mjini London. Wapuritani ndio waliokuwa na nguvu sasa, na Bwana Baltimore aliona wazi kwamba koloni lake laweza kunyang'anywa wakati wowote. Mwaka 1648 alikuwa amekwisha kumweka gavana Mprotestanti, William Stone, akamwapisha kwamba hatamsumbua mtu yeyote amwaminiye Yesu Kristo, na hasa Mkatoliki. Kisha, Aprili 1649, baraza la koloni, lililokuwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, likapitisha Sheria Kuhusu Dini.

Sehemu kuu ya sheria hiyo yaeleza kwanza kwamba kuzilazimisha dhamiri katika mambo ya dini kumezaa hatari mara nyingi mahali ilikofanywa hivyo. Kwa hiyo yaamuru kwamba mtu yeyote akiriye kumwamini Yesu Kristo asisumbuliwe kwa ajili ya dini yake, wala asizuiwe kuifuata, wala asilazimishwe kufuata dini nyingine pasipo hiari yake, maadamu ni mwaminifu kwa mwenye koloni. Mtu atakayemdhulumu mwenzake katika jambo hilo amlipe fidia mara tatu ya hasara aliyomtia, pamoja na faini ya shilingi 20.

Lakini kifungu kinachotugusa zaidi ni kile cha majina. Sheria ilikataza Mkristo kumwita Mkristo mwenzake kwa dharau mzushi, mfarakishaji, mwabudu sanamu, Mpuritani, Mkalvini, Mluteri, padre wa Papa, Mjesuiti, na mengine mengi kama hayo. Tazama jinsi mizani ilivyosawazishwa: matusi ya Waprotestanti juu ya Wakatoliki yamo, na matusi ya Wakatoliki juu ya Waprotestanti yamo pia, na hata yale ambayo Waprotestanti walirushiana wao kwa wao. Mkosaji alitozwa shilingi 10, nusu yake akipewa yule aliyetukanwa. Asiyekuwa na mali ya kulipa alichapwa viboko hadharani na kufungwa, asifunguliwe mpaka amwombe radhi mbele ya watu yule aliyemtukana.

Ulimi hauna mfupa, lakini waweza kuvunja nchi. Watunga sheria wale walijua kwamba panga huchomolewa baadaye, na kwamba kitangulizi chake ni jina. Kwanza jirani hunyang'anywa jina alilobatizwa nalo, akapewa jina la kundi. Kisha jina la kundi hugeuka tusi. Na aliyekwisha kuwa tusi, kumpiga huonekana si dhambi.

KASORO ZAKE

Haifai kuisifu sheria hiyo kupita kiasi. Hiyo hiyo iliyokataza kusumbuana iliweka adhabu ya kifo na kunyang'anywa mali kwa mtu atakayemkufuru Mungu, au kukana kwamba Kristo ni Mwana wa Mungu, au kuukana Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa Wakristo ulifungwa mbele ya Myahudi na mbele ya kila asiyeamini. Mwaka 1658 mganga Myahudi aitwaye Jacob Lumbrozo alishtakiwa kwa kukufuru, kwa sababu alipoulizwa juu ya Kristo alijibu kadiri ya imani yake. Alipona kwa sababu ya msamaha wa jumla uliotolewa wakati Richard Cromwell alipoanza kutawala Uingereza. Sheria yenyewe haikumwokoa.

Tena iko kasoro nyingine, ambayo sisi Waafrika hatuwezi kuipita kimya. Katika msafara wa mwaka 1634 alikuwamo Mathias de Sousa, mtu wa asili ya Kiafrika, mtumishi wa Wajesuiti, ambaye baadaye alipata uhuru wake na kuhudhuria baraza la mwaka 1642. Lakini mwaka 1664 koloni lile lile lilitunga sheria ya kuwafanya Waafrika watumwa maisha yao yote, na mwaka 1671 likatamka kwamba ubatizo haumpi mtumwa uhuru. Wajesuiti wenyewe wa Maryland walikuwa na watumwa, na mwaka 1838 waliuza watu 272. Basi nchi iliyofikiri sana juu ya shilingi 10 za tusi haikuona aibu kumwuza aliyebatizwa kwa maji yale yale. Yatupasa kuyasema haya wazi, maana Kanisa halijengwi kwa kuficha. Uvumilivu wenye mpaka wa kabila au wa rangi ya ngozi haujaijua bado sababu yake wenyewe.

WEMA AU HESABU?

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba uvumilivu ni hesabu tu. Watasema: Bwana Baltimore alihitaji watu wa kulima tumbaku, na Wakatoliki walikuwa wachache; alihitaji kuwaridhisha wakubwa wa Uingereza, nao walikuwa Waprotestanti; basi angefanya nini tena?

Twakubali kwamba hesabu ilikuwamo. Lakini twasema mambo mawili. La kwanza, busara si dhambi. Kanisa huihesabu busara miongoni mwa fadhila kuu nne, na mtawala atafutaye njia ya watu wa imani mbalimbali kuishi pamoja pasipo kumwaga damu, hata kama ana faida yake katika jambo hilo, amefanya jambo jema. La pili, hesabu peke yake haielezi shauri la William Lewis. Watumishi wale walikuwa watu duni. Ingekuwa rahisi kuwanyamazisha, lakini walisikilizwa.

Hata hivyo, twakiri kwamba uvumilivu uliosimama juu ya hesabu hauna mzizi, na historia ya Maryland yathibitisha. Wapuritani waliofukuzwa Virginia walikuwa wamepewa nafasi katika Maryland, wakajenga makao yao karibu na mto Severn. Mwaka 1654, walipopata nguvu kutoka Uingereza, walishika serikali ya koloni, wakaifuta sheria ya mwaka 1649, wakatunga nyingine isemayo kwamba wafuasi wa Papa hawatalindwa na sheria za nchi. Waliopokewa wakawafungia mlango waliowapokea. Tarehe 25 Machi 1655, miaka 21 kamili tangu Misa ile ya kwanza, Wakristo walipigana na Wakristo kwenye mto Severn. Gavana Stone alishindwa, na watu 4 wa upande wake wakauawa baada ya kujisalimisha.

Sheria ilirudishwa baada ya Bwana Baltimore kurudishiwa mamlaka, ikadumu mpaka maasi ya mwaka 1689. Mwaka 1692 Kanisa la Kianglikana likafanywa Kanisa la serikali. Mwaka 1704 padre alikatazwa kusoma Misa, na kanisa la matofali la Wakatoliki mjini St. Mary's likafungwa kwa amri ya gavana. Baadaye Misa iliruhusiwa nyumbani mwa watu tu. Mwaka 1718 Wakatoliki walinyimwa kura, katika nchi iliyoanzishwa iwe kimbilio lao.

Msomaji Mkatoliki asiwe mwepesi wa kunyosha kidole. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, Mkatoliki, alifuta Amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliyowapa Waprotestanti wa nchi yake uhuru wa kiasi, nao wakakimbia kwa maelfu. Basi ugonjwa huu si wa dhehebu moja. Ni ugonjwa wa mwanadamu akiisha kupata nguvu.

MZIZI WA KWELI

Je, mzizi wa kweli wa uvumilivu ni nini? Ni kwamba imani, kwa asili yake, ni tendo la hiari. Mtu aweza kusukumwa aingie kanisani pasipo kupenda, aweza kupigishwa magoti pasipo kupenda. Lakini kuamini pasipo kupenda hawezi. Mtakatifu Agostino alilifundisha hilo, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kwamba wasioamini wasilazimishwe kamwe kuingia katika imani, kwa kuwa kuamini ni kazi ya utashi. Ni kweli kwamba Agostino, alipochoshwa na mabishano ya Wadonati, alikubali hatimaye nguvu za serikali zitumike juu yao. Ni kweli pia kwamba Tomaso aliona kuwa aliyekwisha kuipokea imani aweza kushurutishwa kuishika, kama mtu aliyeweka nadhiri. Kanisa lilichukua muda mrefu kuifikisha mbegu hiyo kwenye mavuno yake.

Katika makoloni yale yale ya Amerika alikuwapo Mprotestanti mmoja, Roger Williams, aliyeufikia mzizi huu mapema. Baada ya kuhukumiwa na Wapuritani wa Massachusetts mwaka 1635, alianzisha mji wa Providence mwaka 1636. Yeye hakuipenda dini yetu. Aliona kwamba tumepotea sana. Walakini alifundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya roho ya mtu, awe Mkatoliki, awe Myahudi, awe Mwislamu, awe asiye na dini. Mtu huyu hakuwa baridi katika imani. Alikuwa moto mno. Hapa hoja ya wale wa kwanza, wasemao kwamba uvumilivu ni dalili ya imani iliyopoa, yaanguka.

Na sisi Wakatoliki tumepewa neno lililo wazi. Tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, kwa kura 2,308 dhidi ya 70, ulipitisha Tamko juu ya uhuru wa dini, na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita akalitangaza. Miongoni mwa wataalamu walioliandaa alikuwa Padre John Courtney Murray, Mjesuiti wa Marekani, nchi ambayo Maryland ni sehemu yake. Tamko hilo lafundisha kwamba haki ya kutolazimishwa katika dini imejengwa juu ya heshima ya mtu aliyeumbwa na Mungu.

Mtu aweza kuuliza: Je, uongo una haki sawa na ukweli? Twajibu: Uongo hauna haki yoyote, na ukweli nao hauhitaji askari. Mwenye haki ni mtu, na mtu hapotezi haki zake kwa kukosea. Mgonjwa hakosi haki ya kuheshimiwa kwa kuwa ni mgonjwa.

Mwingine atauliza: Basi tuache kuwafundisha watoto wetu kwamba Kanisa Katoliki ndilo Kanisa la Kristo? La, hasha! Lewis hakuadhibiwa kwa kuwa Mkatoliki, wala kwa kusadiki kwamba kitabu kile chakosea. Aliadhibiwa kwa matukano, na kwa kuwakataza watumishi wake kilichokuwa haki yao. Kufundisha ni wajibu wetu. Kushuhudia ni wajibu wetu. Kumjibu kwa upole aulizaye ni wajibu wetu. Bwana wetu aliwakemea Yakobo na Yohane walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, wala hakuwaambia kwamba Wasamaria hawakukosea. Na katika mfano wa magugu aliwakataza watumishi wasing'oe kabla ya mavuno, bali hakusema kwamba magugu ni ngano.

NYUMBANI MWETU

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885, ambao mataifa ya Ulaya yalijiwekea walipokuwa wakigawana Afrika, uliahidi katika ibara ya 6 uhuru wa dhamiri na uvumilivu wa dini kwa wenyeji na wageni. Tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo, Buganda, vijana Wakatoliki na vijana Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa ajili ya Kristo mmoja. Lakini tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi hiyo hiyo walipigana kwa bunduki. Na majina yao yalikuwa nini? Wafransa na Wangereza! Waganda kwa Waganda waliuana chini ya majina ya mataifa yaliyokuwa mbali kuvuka bahari. Shilingi 10 za Maryland zingekuwa rahisi kuliko damu ile.

Leo Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, humpa kila mtu uhuru wa dini, Mkristo, Mwislamu, na mwenye imani za jadi. Ni bora kuliko sheria ya Maryland, kwa kuwa haimbagui Lumbrozo. Lakini Katiba haikai mezani petu tunapokula, wala haisikii tunayosema watoto wakisikiliza. Kwa hiyo kila familia ya Kikatoliki ijichunguze.

Kwanza, majina. Je, watoto wetu wamejifunza kutoka vinywani mwetu jina la dharau la kumwita Mluteri, Mpentekoste, Msabato au Mwislamu wa jirani? Kama wamejifunza, wametusikia sisi. Sheria ile ya kale ilimtaka mkosaji amwombe radhi aliyemtukana mbele ya watu. Hatuhitaji viboko ili kufanya hivyo; yatosha baba kusema mbele ya wanawe: Neno lile halifai nyumbani humu.

Pili, watumishi. Wako katika nyumba zetu na mashamba yetu vijana wa kazi wasio wa dini yetu. Je, msichana wa kazi aliye Mwanglikana huruhusiwa kwenda kusali Jumapili, au huachwa alinde nyumba ili sisi twende Misa? Je, kijana Mwislamu hupewa nafasi ya swala ya Ijumaa? Wengi wetu tungekasirika sana kama binti yetu angezuiwa kwenda Misa na mwajiri wa dini nyingine. Basi mwenye nyumba ajione amesimama mahali pa William Lewis, na baraza limekaa.

Tatu, ndoa na misiba. Ndugu wa madhehebu mbalimbali wakikutana kwenye kitanda cha mgonjwa au kaburini, isiwe ndipo tunapovutana marehemu ni wa nani. Mafundisho na sheria za Kanisa kuhusu ndoa ya mseto zishikwe kwa uaminifu. Lakini mwenzi asiye Mkatoliki asifanywe mgeni nyumbani mwake mwenyewe, wala asiletwe kanisani kwa kushindiliwa maneno kila siku. Aliyevutwa kwa mfano mwema hukaa. Aliyesukumwa hutoroka mlango ukifunguka.

Mwisho, twawaambia hasa wale waishio mahali ambapo Wakatoliki ni wengi, na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kijiji, na mwenye duka wote ni wetu. Ninyi ndinyi mnaopimwa. Ambapo sisi ni wachache, kila mmoja wetu hupenda uvumilivu. Hapana thawabu kubwa katika kuupenda hapo. Thawabu iko pale tunapoweza kumnyima mtu, tusimnyime. Padre Copley alikuwa na nafasi ya kumkinga mtu wake, akachagua kumpa mtumishi Mprotestanti haki yake. Kesho mmoja wetu atasikia mtu wa kwetu akimtukana jirani kwa ajili ya dini yake. Asicheke, wala asinyamaze, bali amkanye.